Sekunde Kumi Kumi

Oktoba 12, Jumapili

Mume wangu ameiweka nyumba yetu rehani bila kuniuliza, na ameiweka kwa ajili ya kompyuta.

Ilikuwa juzi Ijumaa. Jobin, mwanetu wa pekee, hupiga kutoka Maskati kila Ijumaa kwa kuwa ndiyo siku yake ya mapumziko, na sisi hukaa mbele ya kompyuta tumwone sura. Juzi alisubiri weee, mashine haijawaka. Tulipoonana hatimaye akasema, "Baba, wewe ndiye uliyewafundisha walimu wa wilaya nzima kuendesha kompyuta za Linux. Leo mashine yako mwenyewe inakushinda?"

Mume wangu Kuruvila akasema haijamshinda.

"Kama hii inakushinda," Jobin akaendelea, "hiyo nyumba yenye ngazi za mawe na paa linalovuja itakushinda pia. Fleti yangu ya mjini Kochi iko tupu. Ina lifti. Hospitali iko ng'ambo ya barabara."

Mzee akapandwa na hasira. "Njoo Krismasi. Utaiwasha kwa mkono wako na saa mkononi. Ikizidi dakika moja, tutahama. Isipozidi, neno fleti nisilisikie tena humu ndani."

"Umesema, Baba."

"Nimesema."

Nami nimesimama pale pale na kikombe cha kahawa, kana kwamba nyumba ni ya watu wawili tu, yeye na mwanawe. Miaka arobaini nimefagia uwanja huu.

Leo nimeipima. Miaka thelathini na mmoja nilikaa kwenye ubao wa simu pale mjini Pala, nikiwaunganishia watu simu, na simu ya mbali ilikuwa dakika tatu, ukizidisha unakatwa. Saa yangu ya kuhesabia bado ninayo. Tangu kubonyeza kitufe mpaka mashine kuwa tayari: dakika nne na sekunde ishirini.

Nimechukua daftari la hitilafu lililobaki tangu enzi zile, na humu nitaandika. Kazini tulifundishwa kwamba hitilafu isiyoandikwa haitengenezwi, inahama tu.

Oktoba 13

Radi saa tisa alasiri. Tumechomoa kila kitu.

Oktoba 14

Dakika nne na nusu. Radi tena. Mvua za mwezi wetu wa Thulam, huu wa Oktoba na Novemba, ndivyo zilivyo: asubuhi jua la kukausha nguo, saa nane mawingu yanateremka kutoka milimani, saa tisa radi. Mwaka juzi radi iliingilia kwenye waya wa simu ikamuunguzia jirani yetu Rajamma modemu, televisheni na feni kwa mpigo mmoja. Tangu hapo wingu likikohoa tu, sisi mbio chumba hadi chumba: friji, televisheni, kompyuta, modemu, na ule waya wa mtandao unaotoka kwenye nguzo. Kuruvila anachomoa, mimi nakagua nyuma yake, maana haikosi ataacha kimoja.

Balaa ni asubuhi yake. Mashine ikishachomolewa inasahau saa. Inaamka ikidhani ni Januari ya mwaka 2012, na kurasa zote zinakataa kufunguka. Mimi kila asubuhi husoma matangazo ya vifo kabla sijateleka chai, nijue msiba uko wapi. Leo nimekaa mpaka chai imepoa.

Nikamwambia, "Baba Jobin, nikitaka kujua nani kafa nisubiri mpaka nife mimi?"

"Nitairekebisha."

"Ulisema jana."

"Jana sikusema, Saramma."

"Ulisema."

Akaondoka amenuna. Mwalimu wa fizikia akikosolewa ni sawa na mtoto aliyenyang'anywa muwa.

Oktoba 18, Jumamosi

Kuruvila alikwenda kwenye kikao cha ushirika wa wakulima wa miti ya mpira, nikampigia Shameer wa duka la kompyuta pale njia panda. Akaja na mkoba wake. Ana miaka arobaini sasa, kichwa kimeanza upara, lakini bado anaingia nyumba hii kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Mama, mwalimu akinikuta hapa atanichapa."

"Atakuchapa kwa lipi?"

"Darasa la tisa alinichapa kwa kusema umeme unapita kwenye waya kama maji. Sijui hata leo kosa lilikuwa nini."

Alifungua dirisha jeusi la maandishi akaniandikia amri moja kwenye karatasi. Ukiichapa, mashine inakutajia nani kachelewesha na kwa muda gani, aliyechelewesha zaidi akiwa juu. Nimeipenda amri hii. Kama tungekuwa nayo kwenye simu ningewafukuzisha watu kazi.

Wa kwanza kwenye orodha alikuwa mtandao, dakika mbili nzima. Shameer akaeleza: mashine ikiwaka wakati waya wa mtandao bado umechomolewa, inasimama mlangoni kuusubiri, mpaka ichoke. Kumbe ni kuchomoa kwetu. Dawa yake ni kurudisha modemu kwanza, kungoja taa ya kijani, ndipo kuwasha kompyuta. Halafu akafungua tumbo la mashine akatoa betri ndogo kama sarafu, ile inayotunza saa. Imekufa zamani. Akaweka mpya.

"Na huyu wa pili?" nikamwuliza. Wa pili lilikuwa faili la kuwashia, lile la mwenye mashine kuandika maagizo yake mwenyewe. Dakika mbili kasoro kidogo.

"Hilo ni la mwalimu. Mwulize yeye."

Kuruvila alirudi akamkuta bado amepiga magoti chini ya meza. "Shameer. Umeme unapita vipi kwenye waya?"

"Sijui, mwalimu. Ninauza kompyuta tu."

Kuruvila alicheka, na siku hizi hacheki hovyo. Nilipomtajia lile faili akakunja uso. "Hilo nimeliandika mimi, najua kilichomo. Hilo msiliguse."

Oktoba 19

Dakika tatu kamili, na saa haikukosea hata kidogo. Nimesoma vifo vyangu na chai ya moto.

Oktoba 21

Dakika tatu na sekunde kumi. Nadhani kidole changu kilichelewa.

Oktoba 24

Tatu na nusu. Si kidole.

Oktoba 25

Mvua tangu mchana. Muhogo na mchuzi wa samaki. Kuruvila alisema chumvi imezidi, akala sahani mbili.

Oktoba 28

Dakika nne. Nikamwambia mashine inarudi ilikotoka, akasema ni Shameer, tangu alipoifungua haijakaa sawa. Nikampigia Shameer, akasema huenda diski inakufa, zikizeeka ndivyo zinavyofanya, na dukani anayo mpya. Nilikata simu na neno hilo likaniganda. Fundi anakuja, mashine inapona siku moja, halafu inaumwa tena, na dawa iko dukani kwake. Nimeishi miaka sitini na sita, biashara ya namna hii naijua.

Novemba 1

Kuruvila alikwenda Pala na pikipiki kununua karatasi, akarudi saa kumi na moja jioni amelowa, Shameer mbele yake na pikipiki yake. Shameer akasema mwalimu aliishiwa mafuta karibu na kiwanda cha mpira. Kiwanda cha mpira hakipo njia ya Pala. Nilidhani Shameer amemsimamisha amshawishi juu ya diski. Sikumkaribisha hata chai.

Novemba 4

Nne na nusu.

Novemba 7, Ijumaa

Jobin tena. "Mama, siku arobaini na tano zimebaki nifike," akasema, huku anacheka. Mimi sikucheka. Baada ya simu nilimwuliza Kuruvila kama kweli atahama akishindwa. Akasema ameshatoa neno lake. Nikamwuliza na langu liko wapi. Akatoka nje kuangalia vikombe vya utomvu kwenye miti ya mpira, mvua inanyesha, wakati hakuna anayegema siku ya mvua.

Novemba 9, Jumapili

Dakika tano na sekunde kumi.

Leo baada ya kanisa nilikaa na daftari hili nikaziandika zote kwa mstari mmoja. Tatu kamili. Tatu na kumi. Tatu na nusu. Nne. Nne na nusu. Tano na kumi. Nikazitazama mpaka macho yakauma. Hakuna sekunde saba ndani yake, hakuna sekunde tatu, hakuna kumi na nne. Zote zinapanda kwa kumi, au kwa kumi mbili, tatu, nne pamoja.

Kitu kinachokufa hakifi kwa kumi kumi. Waya ukioza unakatakata leo, unapona kesho, unakata tena. Diski nayo naamini ni hivyo hivyo. Hii inapanda ngazi. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hakijijazi chenyewe. Kuna mtu.

Novemba 10

Nilikwenda dukani kwa Shameer na mwavuli na hasira. Nikamwambia mbele ya wateja wawili kwamba ameiwekea mashine ya mwalimu wake kitu cha kuichelewesha ili auze diski.

Shameer akamalizana na wateja, akanivutia kiti.

"Mama, kuandika kwenye lile faili kunataka neno la siri. Mimi sinalo. Mwenye nalo ni mmoja."

"Mwenyewe ajicheleweshee mashine yake, ana wazimu?"

Shameer akafuta kaunta iliyokuwa safi tayari. "Kusoma hakutaki neno la siri," akasema. "Kusoma anaweza yeyote." Akaniandikia amri nyingine kwenye karatasi, akaikunja mara mbili, akanipa bila kunitazama.

Nilirudi nyumbani. Sikuifungua.

Novemba 12

Radi mbaya kuliko zote. Mnazi wa Rajamma umepasuka.

Novemba 14, Ijumaa

Dakika tano na sekunde hamsini.

Mwalimu mmoja aliyefundisha na Kuruvila amefariki kule Bharananganam, Kuruvila akaenda mazishini na watu wa parokia. Mimi nina homa, nikabaki. Nikaifungua ile karatasi, nikachapa.

Faili likafunguka. Niliandika kwa herufi hizi hizi nilizoziona, nisije nikajiambia baadaye kwamba niliota kwa homa.

Juu: "Oktoba 2. Kuruvila. Subiri sekunde kumi modemu iamke, saa isikosee." Chini yake amri yenyewe, subiri, kumi.

Halafu: "Oktoba 3. Kuruvila. Subiri sekunde kumi modemu iamke, saa isikosee." Subiri, kumi.

Halafu Oktoba 4. Halafu Oktoba 5. Maneno yale yale, nukta mahali pale pale. Niliteremka na kidole kwenye skrini nikihesabu. Thelathini. Kila mstari una tarehe na jina, kwa sababu ndivyo alivyowafundisha walimu wote: mashine za shule zinaguswa na wengi, kwa hiyo ukigusa, andika nani, lini na kwa nini. Faili lisilo na jina la aliyeligusa ni faili la mwizi, alikuwa anawaambia. Yeye mwenyewe halifungui faili akiandika. Ana amri yake ya enzi za kushughulikia mashine ishirini kwa asubuhi moja, anauchomeka mstari mkiani bila kuona kilicho juu yake. Vidole vyake bado vinaijua. Kwa hiyo karibu kila siku amekuwa akitengeneza hitilafu ile ile kwa mara ya kwanza.

Kuanzia katikati maneno yanabadilika kidogo. "Novemba 6. Kuruvila. Subiri sekunde kumi. Saramma anaudhika akikuta saa imekosea."

Saa ilikwisha kupona tangu Oktoba 18. Mimi ndiye sikupona. Mdomo wangu huu.

Nililia, na ninaandika kwamba nililia. Nikamkumbuka akisema jana sikusema, nami nasema ulisema, siku baada ya siku, nikidhani ni ukaidi. Gesi aliyolipia mara mbili. Miwani ndani ya friji, tukacheka. Kiwanda cha mpira. Nimeishi na hitilafu hii chumba kimoja, mwendeshaji simu mzima, nikamtuhumu fundi.

Kisha nikafikiri juu ya Krismasi. Mistari hii ikibaki, tunahama. Nikimwonyesha Jobin, tunahama haraka zaidi. Nikiifuta, dau tunashinda, na hakuna atakayejua.

Neno lake la siri ni tarakimu, na anapozichapa huzinong'ona. Mimi kazi yangu ilikuwa kusikia namba mara moja na kutozikosea. Nikaingia, nikafuta mistari yote thelathini. Nikajaribu. Sekunde hamsini.

Lakini kabla sijafunga, mkono ulikataa kuondoka. Nikapanda juu kabisa ya faili nikaandika: "Novemba 14. Saramma. Nimefuta mistari 30 ya kusubiri. Yote ilikuwa ile ile." Najua ni upumbavu, mtu anaficha huku anatia sahihi. Lakini sijawahi kugusa laini ya mtu bila kuandika, na nilijua yeye halifungui.

Novemba 15

Sekunde hamsini. Alisimama nyuma yangu. "Umeona?" akasema. "Nilikwambia nitairekebisha." Nikasema nimeona.

Novemba 16

Dakika moja kamili, ameongeza mstari. Mmoja. Nimefuta, nimeandika.

Novemba 18

Mmoja. Nimefuta, nimeandika.

Novemba 19

Aliniuliza mara tatu kama gesi imeletwa. Ya tatu nilimpandishia sauti, akanitazama kama mtu aliyepigwa bila kosa. Nilikwenda jikoni nikakaa na aibu yangu.

Novemba 22

Mmoja. Nimefuta, nimeandika. Nikapitia kwa Shameer na kifurushi cha ndizi za kukaanga. Nilitaka kuomba msamaha, nikawa nazungumzia bei ya ndizi.

Akanisaidia. "Siku ile hakuishiwa mafuta, mama. Nilimkuta amesimama njia panda ya kiwanda, pikipiki inanguruma. Akaniuliza kwa Kuruvila mwalimu ni wapi."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia nifuate, nami naenda huko."

Huyu ndiye niliyemnyima chai.

Novemba 25

Miwili siku moja. Nimefuta, nimeandika.

Novemba 28, Ijumaa

Jobin alipiga, tukamwona papo hapo. Akashtuka. "Mmenunua mpya?"

Kuruvila akajipiga kifua. "Baba yako bado yupo."

"Hongera, Baba. Kweli nilikuwa nimeanza kuogopa."

Alisema hivyo, kwamba alikuwa anaogopa, na sauti yake ikawa nyepesi. Nami nimekaa katikati yao na siri, nimemnyima mwanangu haki ya kuogopa. Nilijiona mwizi. Ni usiku sasa, na fikra hiyo hainitoki.

Novemba 30

Hakuna radi siku ya tatu sasa. Mvua zinaisha.

Desemba 3, Jumatano

Nilikuwa uani natandaza pilipili manga. Akaniita kutoka ndani, si kwa sauti kubwa. "Saramma, njoo."

Alikuwa mbele ya mashine na faili limefunguliwa. Alitaka kulichapisha, alisema, Jobin akija amwonyeshe jinsi faili safi linavyokuwa. Kwa hiyo safari hii alilifungua. Na juu kabisa yalikuwepo maandishi yangu.

"Haya ni yako?"

"Yangu."

"Mistari thelathini?"

"Thelathini."

"Yote ile ile?"

"Baadhi uliongeza kwamba ninaudhika."

Akaendelea kusoma. Novemba 16, Saramma, nimefuta mmoja. Novemba 18. Novemba 22. Novemba 25, miwili. Yalikuwa maingizo matano. Aliyasoma yote kwa kidole, polepole, kama anavyosahihisha mtihani, na mimi nimesimama na mikono yenye vumbi la pilipili nisiweze hata kujifuta macho.

"Hujakosea tarehe hata moja," akasema.

"Nilifundishwa."

"Na nani?"

"Na wewe. Ulipokuwa unawafundisha walimu hapa sebuleni nilikuwa napitisha chai."

Nje Rajamma alikuwa anamfokea mbuzi wake, nikamsikiliza mpaka akamaliza. Halafu Kuruvila akauliza kwa nini sikumwambia.

"Niliogopa."

"Mimi naogopa tangu Agosti," akasema. "Nilikuwa natoka benki. Nikasimama barabarani, naiona barabara, siijui. Nilikaa kwenye ukuta wa kanisa mpaka ikarudi. Nikajiambia ni jua." Akakunjua vidole vyake akavitazama. "Nilipoweka lile dau na Jobin, Saramma, sikuwa nabishania kompyuta."

"Najua sasa."

"Wahenga walisema mficha maradhi. Na sisi tumekuwa wafichaji wawili, kila mtu na kona yake."

Nikamwambia, "Mimi nilificha kwa maandishi." Akacheka, nami nikacheka, kisha tukaacha.

Baadaye akavuta kiti cha pili. Akaniambia niketi kwenye chake. Akanielekeza amri ya kubadilisha neno la siri, hatua kwa hatua, sauti ya darasani. Ilipofika pa kuandika jipya akasimama.

"Andika ulitakalo. Lisiwe namba ninayoijua. Wala usiniambie."

"Na ukinililia?"

"Nikikulilia, usiniambie."

Akaenda dirishani akanipa mgongo. Miaka yote neno la siri la mashine hii lilikuwa la mtu mmoja. Niliandika neno, nikalirudia, mashine ikakubali. Alibaki dirishani kwa muda hata baada ya kusikia vitufe vimenyamaza.

Desemba 5

Tumepata miadi kwa daktari wa ubongo, Kottayam, Januari 6.

Desemba 9

Sekunde hamsini. Alikuja kuniomba neno la siri, anataka kuongeza mstari kidogo wa kusubiri modemu. Nikamwambia umekwisha kuwekwa. Akasema vizuri.

Desemba 14

Bado hajamwambia Jobin. Nami nimesema sitasema mimi.

Desemba 22, Jumatatu

Jobin amefika saa nne asubuhi na masanduku mawili. Hata viatu hakuvua. "Saa yangu hii hapa," akasema. "Baba, niwashe?"

"Washa."

Nilihesabu naye kimoyomoyo, ingawa nilijua. Arobaini na nane. Arobaini na tisa. Hamsini. Jobin akapiga makofi. "Nimeshindwa. Fleti nitaipangisha. Baba, we ni noma, nilidhani umezeeka."

Kuruvila akaingiza mkono mfukoni mwa shati akatoa karatasi iliyokunjwa, akavaa miwani.

"Nimeiandika nisije nikasahau," akasema. Akasoma kama anaita majina ya darasa: "Desemba 21. Kuruvila. Mashine imetengenezwa na Saramma. Hitilafu ilikuwa mimi. Nilirudia kazi moja siku thelathini nisijue. Nimepotea njia mara mbili, ya pili nilirudishwa na Shameer. Daktari ni Januari 6. Dau halihesabiki, kwa hiyo Jobin aseme anachotaka kusema."

Jobin alinitazama mimi. Nikaitikia kwa kichwa. Akakaa chini sakafuni pale pale, mtu wa miaka thelathini na nane, akashika kifundo cha mguu wa baba yake kana kwamba kuna mtu anataka kumchukua.

Baadaye jikoni akaniambia, "Mama, sasa ndiyo lazima mje Kochi. Hospitali iko ng'ambo ya barabara."

"Na akitoka kwenye lifti asijue ghorofa yake, atamwuliza nani?"

"Kuna mlinzi."

"Mlinzi hamjui. Hapa akipotea, kila mtu wa tatu barabarani alichapwa naye kwa ajili ya fizikia. Watamrudisha hata kwa kumkomoa."

Jobin akavuta kisu. Alimenya vitunguu vyote nilivyokuwa nimeviweka, hata vya kesho.

Desemba 23

Jobin alikwenda njia panda kwa Shameer, akakaa huko saa mbili. Amerudi na namba za simu za watu kumi na wawili wa kuwapigia baba yake akipotea, amezibandika mlangoni kwangu. Kuhusu Kochi amesema tu kwamba fleti ataipangisha kweli. Paa litaanza kuzibwa Jumatatu.

Desemba 25, Alhamisi

Ibada ilikuwa alfajiri, tukaenda wote watatu. Tuliporudi Jobin akasema macho yanajifumba, akaenda kulala kidogo chumba cha pili. Mimi nikateleka bata.

Kuruvila alikuja jikoni amevaa shati lake jipya aliloletewa na Jobin, bado lina mikunjo ya dukani. Akafunua sufuria, akanusa, akafunika.

"Nyama nyingi hii," akasema. "Jobin anafika lini?"

Nikaweka mwiko chini. "Amefika, Baba Jobin. Yumo ndani, amelala."

"Amefika?" Uso wake wote ukafunguka. Akachukua kiti cha jikoni, akakibeba mpaka ukumbini taratibu asipige kelele, akakaa mlangoni pa mwanawe amsubiri aamke.